Muulize Shangazi: Nataka kuzamia Pemba peke yangu, boti ya kulala humo humo

Assalaam alaykum Shangazi, shikamoo. Mie msichana wa miaka 26, nafanya kazi mapokezi hotelini huku Nungwi, kwetu Wete. Mwaka jana mwalimu mmoja wa daivu alinifundisha kwa bei ya wenyeji nikapata kadi yangu ya Open Water, ile ya mwanzo ya uzamiaji, na mpaka leo nina daivu 11, zote Mnemba na hapa hapa Nungwi. Sasa kuna boti inatangaza safari ya siku nne kuzunguka Pemba, unakula humo unalala humo, daivu tatu kwa siku na siku moja wanaongeza ya usiku. Marafiki zangu hakuna hata mmoja anaezamia kwahiyo itabidi niende peke yangu. Nataka nione kwetu kwa chini manake juu naijua yote. Bi mkubwa nilipomwambia nakwenda kuzamia alinyamaza kwanza halafu akauliza, unazamia kwenda wapi, Ugiriki au Afrika Kusini? Nichague vipi, na kwa mgeni kama mie inafaa kweli?
Mtoto wa Wete

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Bi mkubwa mwombee radhi, Kiswahili ndo kimemponza, neno moja hilo hilo mtu anashuka na mtungi mgongoni kuangalia samaki na kijana mwengine anajificha ndani ya meli ya mizigo aende Ulaya. Mwambie wewe unazamia na kurudi.

Jibu la haraka kabla sijarefusha: kwenda nenda, lakini sio na boti yoyote wala tarehe yoyote. Boti hizi za kulala, wenyewe wanaziita laivabodi, watu wengi wakizichagua wanaanza na picha, shuka jeupe, kikapu cha matunda, viti vya kujilaza dekini jua linazama nyuma yake. Vizuri vyote hivyo. Ila ukienda daivu ya kutwa hapo Nungwi ukaona mambo siyo, saa nane mchana ushafika nyumbani ushakula wali wako na kesho unatafuta duka jengine. Laivabodi ukishaipanda umeipanda, huwezi kugonga bodi ukasema konda shusha hapo. Kwahiyo mie nauliza kwanza bahari na mtu, kitanda baadae. Bahari gani wanakupeleka, siku gani za mwezi, na chini utashuka na nani.

Tuanze na bahari yenyewe. Unguja imekaa karibu na bara, maji yanayotutenga na Bagamoyo sio marefu hivyo. Pemba imesimama peke yake, mkondo ulioko kati yake na Tanga unashuka mamia ya mita, na ndo sababu kuta zake za matumbawe zina sifa dunia nzima na ndo sababu hiyo hiyo nakwambia uwe na adabu nazo. Mnemba sehemu nyingi ukishuka unaona mchanga chini, macho yenyewe yanakupa habari umefika wapi. Kwenye ukuta wa Pemba chini ya mapezi yako kuna buluu tu, na buluu haina mita. Unamfatilia kasa, unageuka kumtazama chewa kajificha kwenye pango, ukija kuangalia kompyuta ya mkononi inasoma 27 na kadi yako mwisho wake ni mita 18. Hujasikia chochote, masikio hayaumi tena, hewa tu inakwisha mbio manake ukiwa mita 20 kila pumzi inabeba hewa mara tatu ya ile unayovuta juu.

Halafu yako yale mapengo ya magharibi, Fundo, Njao, Uvinje, wewe mtoto wa Wete umekua unayaona. Maji yote ya ndani ya visiwa yanaingia na kutoka kwa milango hiyo, mara mbili kujaa mara mbili kupwa kila siku, na bamvua likiwa kubwa bahari yetu inapanda na kushuka karibu mita 4. Maji yote hayo yapite kwenye mlango mmoja, na wewe umo ndani ya mlango! Wazoefu wanapapenda kwasababu hiyo, mkondo unaleta samaki wakubwa. Kwako wewe itakua kama kushikilia nyuma ya daladala inayokimbia.

Sasa hapa wenyeji tunawazidi wageni. Chukua ile kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwenu, weka kidole kwenye tarehe zao za safari. Zikiangukia mwezi mwandamo au tarehe 15, 16, 17 hilo ni bamvua, waachie. Zikiwa 8, 9, 10 au 22, 23, 24, hayo maji mafu, mkondo unatulia, hizo ndo siku zako. Mgeni anaetoka Ujerumani anapanga kwa likizo yake, wewe panga kwa mwezi. Na majira pia, kusi likikaza huo mkondo wa Nungwi sina haja ya kukuhadithia, bora usubiri maleleji pale upepo unapobadilika mwezi wa kumi na kumi na moja, au mwisho wa kaskazi kabla masika hayajafunga.

Ngoja nikupe yangu. Nilikua na daivu 14 na kiburi cha daivu 100, nikapanda boti moja hivi ya siku tatu, jina lake halitusaidii. Nimekwenda peke yangu kama wewe. Nilipouliza nitazamia na nani wakasema usijali tutakupangia, wakanipangia bwana mmoja na kamera yake kubwa kama sufuria ya pilau, mtu mstaarabu kweli, tatizo hajaingia majini miaka mitano. Daivu ya pili, ukutani, kaona konokono yule wa rangi rangi asie na gamba akamganda na kamera. Wenzetu na kiongozi wao wameshatangulia. Mie nimeangalia sindano ya hewa inasoma 70, nimegonga mtungi tinn tinn, namuonesha. Akaniangalia akanyanyua dole gumba. Sasa juu ya maji dole gumba ni safi kabisa, chini ya maji ni tupande, nikapanda. Yeye alikua anamaanisha safi kabisa! Nikasimama mita 5 dakika zangu 3 peke yangu naning'inia kwenye buluu, naangalia chini naona mapovu yake yanazidi kuwa mbali, mkondo unanichukua, nilipotoa kichwa juu boti naiona kama kidonge. Boya sina, filimbi napiga, wao injini inanguruma hawasikii. Alienitoa ni mzee mmoja na ngalawa yake anavua changu, akaja taratibu kwa kasia, kaniangalia na mtungi wangu mgongoni, anasema, "Binti, umezamia meli wamekutosa?" Nikacheka huku nalia.

Basi kutokana na hiyo, neno "tutakupangia" mie silikubali tena na wewe usilikubali. Mtu anaekwenda peke yake muulize mwenye boti wazi: nitashuka na nani, yeye mara ya mwisho amezamia lini, kiongozi mmoja anachukua watu wangapi (wakizidi wanne kwa wageni mie naanza kukunja uso), na hewa yangu ikikaribia kwisha kabla ya wenzangu, nani ananipandisha? Mgeni hewa inamuishia mwanzo, sio aibu, mapafu bado hayajazoea kutulia. Boti nzuri itakujibu bila kufikiri, kiongozi wa pili anapanda na wewe, au kundi zima linapanda. Boti ya mashaka itakwambia we utajifunza kuvuta taratibu.

Na liko swali moja nalipenda kuliko yote. Waulize: siku nikiamka nikasema leo sishuki, inakuaje? Sikiliza sauti ya anaekujibu. Anaesema hamna neno, pumzika, chai iko jikoni, huyo mtu. Anaeanza habari za ratiba na wenzako watakusubiri na utakosa pahala pazuri kuliko pote, huyo siku bahari ikikukataa atakusukuma.

Tena uangalie kama wao wamekuuliza wewe. Kule Bahari ya Shamu, Misri, safari za miamba ya mbali kama Brothers na Daedalus kawaida wanataka uwe na daivu 50 zilizoandikwa kitabuni, wenye 11 wanapelekwa safari za kaskazini zilizo tulivu zaidi. Boti ya kuzunguka Pemba isiyokuuliza umezamia mara ngapi, iogope.

Usalama wa boti yenyewe. Sisi tuliokuepo 2011 na 2012, Spice Islander hapo karibu na Nungwi na Skagit karibu na Chumbe, hatuhitaji kufundishwa kwamba chombo kinaweza kuzama. Lakini za kulala zina hatari yao nyengine, moto wa usiku. Marekani, California, Septemba 2019, boti ya daivu inaitwa Conception iliwaka watu wamelala chini, wakafa 34, na uchunguzi ukaonesha hakukua na mlinzi wa usiku anaezunguka. Misri nako Novemba 2024 Sea Story ilizama na watalii waliokuja kuzamia. Kwahiyo ukipanda tu, kabla hujafungua begi, tafuta njia mbili za kutoka chumbani kwako, ya pili mara nyingi ni kidirisha cha juu ya kitanda, kifungue kwa mkono wako uone kama hakijarundikiwa maboya. Uliza nani anakesha. Uliza betri za kamera na tochi zinachajiwa wapi, nataka usikie zinachajiwa mchana na mtu akiwepo, sio zinalala zinachaji ukumbini wote mnakoroma. Na oksijeni ya dharura iko wapi, waambie wakuoneshe mtungi wenyewe na geji yake, sio wakuelekeze kwa kidole.

Mambo ya kike sasa. Chumba. Ukienda peke yako ama unalipia chumba kizima, wengine wanadai karibu mara mbili ya bei, ama unachangia na mtu usiemjua, na kama hukusema mapema wapo watakaokutia na mwanamme bila kuona tatizo lolote. Iandike kwenye meseji ya kwanza kabisa: mwanamke kwa mwanamke, mlango wenye komeo, na jibu wakupe kwa maandishi. Ushungi wako badilisha na kofia ile ya wetisuti, inasitiri na inazuia baridi, ila hakikisha ukingo wake hauingii chini ya maski, hata nywele mbili tu maji yanavuja mpaka unachoka. Mpishi muulize mwenyewe kuhusu nyama. Sala dekini hamna tabu, ila boti ikiwa nangani inazunguka, mie nilifunga sala naelekea kibla sawa sawa nikatoa salamu niko uso kwa uso na Tanga. Mkitia nanga Misali angalia mara mbili basi, wazee wanasimulia Nabii Khidhri aliomba msala wavuvi hawana, akasalia kisiwa chenyewe.

Pesa siongei sana, bei wanabadilisha kila msimu. Uliza tu kama ndani yake mna vifaa, ada za hifadhi na bima ya daivu, manake bei ya tangazo mara nyingi haina hivyo vitatu. Kama una akiba ya kununua kitu kimoja, nunua boya lile refu la rangi ya chungwa la kupuliza na filimbi yake, na ujifunze kulipuliza ukiwa bado chini. Vifaa vyengine kodi.

Mie ningekua wewe? Ningepiga daivu nyengine tano sita Mnemba mwezi huu, angalau mbili za kuchukuliwa na mkondo mdogo. Halafu ningewauliza wenye boti kama wanafundisha Advanced, kozi inayofata Open Water, humo humo. Kozi ile ina daivu 5, ya kina na ya dira ndo za lazima, kadi inafika mita 30, lakini ujanja wake sio kadi. Ukiwa mwanafunzi unakua na mwalimu wako, shida ya nitazamia na nani imekwisha siku zote za kozi, unalipa zaidi kidogo lakini unashuka na mtu ambae kazi yake ni kukuangalia wewe. Daivu ya usiku iruke mara hii, kaa dekini.

Na kwani kwenu si Wete? Ipo na njia ya tatu ambayo mgeni wa Ulaya hana. Zipo boti za kutwa upande wa Kigomasha na za kwenda Misali, unazamia mbili, jioni unarudi kulala kwa bi mkubwa, anakuona na macho yake kwamba Ugiriki hujenda.

Shangazi, mie nimesikia ukitoka kuzamia usipande ndege. Nina safari ya daivu ya siku tano Pemba na ya mwisho inakwisha saa tano asubuhi, saa kumi jioni nna tiketi ya ndege ndogo Chake kuja Unguja. Hizi ndogo si zinaruka chini chini tu?
Msafiri, Mwanakwerekwe

Badilisha tiketi. Ukizamia siku nyingi mfululizo mwongozo ni masaa 18 angalau kabla ya kuruka, wengi wetu tunatimiza 24 tukamaliza. Ile nitrojeni iliyoingia mwilini inahitaji muda kutoka, ukipanda juu haraka inafanya kama soda iliyofunguliwa. Na hiyo ndogo ndo usiidharau, ndani yake hawajazi presha kama ndege kubwa, ikipanda na wewe umepanda, na hesabu ya kuogopa inaanza kwenye mita 600 tu. Meli ya Mkoani haina neno, utapanda kesho yake utatapika kidogo mkondoni ufike salama. Wale mnaovuka Tanga baada ya daivu halafu siku hiyo hiyo mnapanda gari kwenda Lushoto kupunga upepo, Lushoto iko juu karibu mita 1,400, mlima nao ni ndege.

Shangazi mambo, mimi kijana wa Matemwe, baharia kwenye boti ya daivu. Nazamia pweza kwa pumzi tangu nna miaka tisa, mita 12 nagusa. Wenzangu wananiambia siku moja nivae mtungi tu nishuke na wageni, kozi ya nini wakati bahari naijua kuliko mwalimu?
Pweza

Bahari unaijua, sibishi. Mtungi ndo huujui. Ukizamia kwa pumzi unashuka na hewa ya juu, inabanwa ukiwa chini, ukipanda inarudi ilivyokua, huna la kuogopa kwa upande huo. Ukivuta kwenye mtungi mita 10 umejaza mapafu hewa ya presha ya huko chini, ukibana pumzi ukapanda hewa ile inataka nafasi mara mbili ukifika juu, na mapafu yako hayana nafasi hiyo, yanachanika. Na wewe mwili wako umefunzwa miaka yote kubana pumzi, ukishtuka tu hiyo ndo kazi ya kwanza utakayofanya. Mgeni asiejua kuogelea vizuri ana nafuu kuliko wewe hapo, yeye hana cha kusahau.

Muombe mwenye boti akulipie kozi ukatwe kidogo kidogo kwenye mshahara, wapo wanaokubali, manake mwenyeji aliesoma akawa daivmasta, kiongozi wa wazamiaji, hapo Mnemba anawafaa wao kuliko mgeni wa miezi mitatu. Ukimaliza niandikie, yule binti wa Wete anatafuta mtu wa kushuka nae.